Ukiwa Kushoto Huuoni Mkono wa Dereva

Nawasikia kila asubuhi mkipita chini ya dirisha langu hapa Ndia Kuu, nyinyi wapanda baiskeli wa mikate na wa mitungi ya maji, mkipiga kengele kama nyumba inaungua. Sina neno na kengele. Neno langu ni pale mnapofika kwenye njia kubwa. Juzi nilikwenda kununua dawa, nikasimama pembeni kungoja kuvuka, na mmoja wenu, kijana wa fulana nyekundu, akajipenyeza kati ya lori na mtaro wa maji, upande wa kushoto, na lori limeshaanza kukunja. Alipita. Hata alicheka. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu, na mwenye duka akanitolea maji akidhani ni joto.

Halikuwa joto. Tangu juzi sikai nikatulia. Nainuka, nakaa, nachungulia dirishani, mke wangu anauliza nimepoteza nini. Basi leo mtanisikiza, japo mna haraka. Haraka naijua kuliko nyinyi, kwa sababu kazi iliyonifundisha njia ilikuwa kazi ya kupeleka barafu kwa baiskeli, katika ile miaka ya vita vikuu vya pili, mimi kijana wa kuanza ndevu. Wala msinitake niende sawasawa toka mwanzo hata mwisho. Barafu haikunifundisha utulivu.

Kiwanda cha barafu kilikuwa upande wa Kilindini. Tulipewa mapande yaliyokatwa kwa msumeno, tukayapaka vumbi la mbao, tukayazungushia magunia, tukayafunga kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu. Ukishafunga tu, kazi yako imeanza kupungua mgongoni mwako. Mtu wa mchele akichelewa, mchele ni ule ule. Sisi tulikuwa tukisikia matone njia nzima, suruali zimelowa nyuma, na mafundi cherehani waliokaa barazani wakituuliza kama hatukujaliwa choo nyumbani.

Mteja wangu wa mwisho alikuwa Bwana Karimbhai, Muhindi mwenye duka la sharbati hapa hapa mtaani. Kila siku alilifunua gunia kwa ncha za vidole, kama mtu anayemfunua maiti, akalitazama pande, akanitazama mimi.

"Swaleh," husema, "mimi kwambia wewe leta barafu. Wewe leta jasho."

Halafu hunipa gilasi ya sharbati, ninywe nimesimama, maana kukaa nilikuwa siwezi.

Barafu ina mambo yake juu ya baiskeli. Uzito uuweke juu ya ekseli ya nyuma, usiuache uning'inie, la sivyo gurudumu la mbele linaelea na usukani unakuwa mwepesi kama wa mlevi. Maji yakidondokea rimu, breki ya nyuma hainati. Kwa hivyo kabla ya kufika njia panda tulikuwa tukiibana kidogo kidogo, tunaachia, tunabana tena, mpaka mpira ukauke. Hata leo, mkipita siku ya mvua, fanyeni hivyo. Msingoje kuikausha pale mnapotaka kusimama.

Aliyetufundisha hayo ni Mzee Faraji, mkubwa wa wapanda baiskeli wote wa kiwanda. Ujanani mwake alikuwa akisukuma yale magari madogo ya juu ya reli yaliyokuwa yakipita mjini kabla ya motokaa kuenea, mabwana wamekaa kivulini na watu wawili nyuma wanasukuma. Zikikutana gari mbili, moja lazima ipishe. Mzee Faraji aliitoa huko elimu yake yote.

"Mtu haumii njiani," alikuwa akituambia. "Huumia pale njia zinapokutana. Sasa sikizeni. Mkikaribia njia panda, tokeni pembeni. Kaeni katikati ya upande wenu, pale ambapo motokaa ingekaa. Msijibanze ukutani kama wezi wa kuku."

"Mzee, tutawazuilia madereva njia," nikamwambia.

"Wazuie. Ni kwa pumzi mbili tatu, mkishavuka mwarudi pembeni. Akikutukana, ujue amekuona. Mimi nataka akutukane."

Mara ya kwanza kumtii nilitoka pembeni kwa ghafla, bila kugeuka, bila kutoa mkono, nikajitia mbele ya teksi. Teksi ikafunga breki, nami nikajiangusha mwenyewe kwa woga. Pande likapasuka vipande njia nzima. Watu walivyolimiminikia ungedhani kuna karamu, wengine wakatia vipande mifukoni, na dereva wa teksi naye akashuka, akachukua kipande chake, akakiweka shingoni, ndipo akaanza kunitukana.

Mzee Faraji aliponiona narudi na gunia tupu alisema tu, "Nilikwambia utoke. Sikukwambia uruke." Akanifundisha upya: geuka kwanza utazame nyuma, toa mkono, uhamie mapema, magari yakiwa bado mbali, ili mpaka mnafika njia panda dereva wa nyuma ameshakuzoea hapo ulipo.

Nikajifunza. Lakini wengi wetu hawakutaka, na sababu mnaijua. Vita vilikuwa vimeleta malori. Meli zinashusha Kilindini, na malori yanapanda mjini mkia kwa pua, mchana kutwa. Penye njia panda ya barabara ya Kilindini na Salim Road alisimama askari wa trafiki juu ya kijukwaa chake, na akiinua mkono malori yote yanasimama, msururu mrefu. Sasa wewe una barafu inalia chozi nyuma yako. Utakaa nyuma ya lori unuse moshi? Pale kushoto, kati ya malori na mtaro, pana upenyo wa kutosha baiskeli. Watu walikuwa wakipita humo mpaka mbele, na askari akishusha mkono wao ndio wa kwanza kuchomoka.

Bingwa wa upenyo huo alikuwa Mbwana, mwenzangu toka chuoni kwa maalimu wa Kurani. Tumesoma pamoja, tumeanza kazi pamoja. Mrefu, mwembamba, akipiga mluzi. Hakujua kwenda polepole hata kwa miguu. Mapande yake ndiyo yaliyofika makubwa kuliko ya watu wote, naye alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia sauti ya adhana.

"Wewe na Mzee Faraji kaeni katikati mtukanwe," alikuwa akiniambia. "Mimi matusi siyapendi. Napita kando kimya kimya."

Siku moja tulitoka kiwandani pamoja, asubuhi, jua limeshashika ukali. Malori yalikuwa yamesimama. Mbwana akageuka, akanikonyeza, akajitia katika upenyo wa kushoto. Mimi nikabaki nyuma ya lori la mwisho, katikati. Askari akashusha mkono. Nikaona, mbele kidogo, mkono wa dereva mmoja umetoka dirishani upande wa kulia, unazunguka duara, duara, kama mtu anayekoroga uji. Enzi hizo ndiyo ilikuwa ishara ya kukunja kushoto. Alikuwa anakunja kwenda Mwembe Tayari. Na Mbwana alikuwa ubavuni mwake, upande wa pili, anakwenda moja kwa moja kuelekea Ngomeni, anapiga mluzi.

Nilimwita kwa jina. Nilimwita kwa nguvu zangu zote. Injini zilikuwa zikinguruma na mimi mwenyewe sikujisikia.

Lori lilikunja kwa utaratibu tu, bila kasi. Lilimbana baina yake na ukingo wa njia, baiskeli ikaingia chini, na gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu wake. Nilipofika maji ya barafu yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Mbwana hakupiga kelele. Alikuwa akitazama pande lake lililotumbukia mtaroni, akisema, "Litoe pale, Swaleh, litaisha. Litoe."

Dereva alishuka, mtu mfupi mpana wa bara, midomo imemkauka. Alimbeba Mbwana mikononi, akamweka juu ya lori, akampeleka hospitali yeye mwenyewe, askari amekaa ubavuni pake. Mguu haukukatwa, alhamdulillahi. Lakini mfupa ulivunjika mahali pabaya, na daktari alituambia wazi kwamba utaungana ukiwa mfupi.

Siku zile nikawa siwezi chakula, siwezi baraza. Nikimaliza kazi naendesha baiskeli tupu, Liwatoni, narudi Makupa, sina niendako. Kiwandani waligawanyika. Wengine wakasema kosa la Mbwana. Wengine wakasema madereva wa bara wanaendesha kama wanachunga, hawajali mtu, yule dereva anastahili kufundishwa adabu. Mimi nilikuwa na hao wa pili. Nikauliza mpaka nikajua jina lake Mutua, Mkamba, na kwamba lori ni la tajiri mmoja mwenye kandarasi ya mizigo ya jeshi, na hulaza malori yake Shimanzi. Siku moja adhuhuri nikatia spana kubwa mfukoni nikaenda.

Nilimkuta peke yake uani anaosha lori. Hakuniuliza mimi nani. Aliona gunia bichi kwenye keria, akaacha kitambaa ndani ya ndoo.

"Wewe rafiki ya yule kijana," akasema. "Mguu yake iko namna gani?"

Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Mimi cha kwao sikujua hata neno la kuombea maji, kwa hivyo msimcheke.

"Mguu wake wautaka wa nini?" nikamwambia. "Umemvunja mtu, nawe waosha gari?"

"Naosha sababu tajiri anasema nioshe. Damu ilitoka siku ile ile. Lakini mimi bado naiona."

"Sasa waona! Siku ile macho uliyaweka wapi? Mtu mrefu vile, yuko ubavuni pako, na pande la barafu, na mluzi!"

"Mimi hapana ona yeye."

"Mrongo!"

Akajifuta mikono. Kisha akafungua mlango wa dereva. "Panda."

"Sipandi."

"Panda. Ukitelemka, kama unataka kunipiga, piga. Mimi hapana kimbia."

Nikapanda. Ndani mlikuwa na joto la tanuri na harufu ya mafuta. Usukani ulikuwa mkubwa kama sinia la pilau. Yeye akaichukua baiskeli yangu, akazunguka nayo mbele ya lori, akapotea upande wa kushoto.

"Unaona nini?" akaniita.

Niliona boneti. Niliona ukuta wa uani na kunguru juu yake. "Uko wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa wapi?"

Mlango wa kushoto ukagongwa, ngo, ngo, ngo. Sauti yake ilikuwa ikitoka chini yangu kabisa kama mtu aliye kisimani, na mimi sioni hata kofia. Nikajinyoosha shingo. Nikainuka juu ya kiti, nikalala juu ya kile kiti kingine, ndipo nikaona utosi wake. Lakini ukilala hivyo miguu imeacha pedali na mikono imeacha usukani, huendeshi tena.

"Mna kioo kimoja tu?" nikamwuliza.

"Moja. Huko kwako kulia. Huku kushoto ni macho ya utingo. Siku ile utingo alikuwa juu ya mzigo, kashika turubai lisiruke."

Nikarudi kukaa kwenye usukani. Naye akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza jambo, "Sasa fanya kama mimi nilifanya. Toa mkono yako dirishani. Zungusha, kama unakwenda kushoto."

Nikatoa mkono dirishani kulia, nikazungusha.

"Zungusha!" akasema toka ule upande wa pili.

"Nazungusha!"

"Hapana! Zungusha!"

"Bwana, nazungusha, mkono wanichoka!"

Kisha nikamsikia anakuja, hatua nzito, anazunguka pua ya lori, anaiburura baiskeli. Akafika upande wangu. Mkono wangu bado ulikuwa ukizunguka dirishani. Aliutazama, akageuka akatazama kule alikotoka, akautazama tena, na uso wake ukabadilika mpaka nikaacha kuzungusha.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nilifikiri nawaambia watu wote."

Alikaa chini pale pale, juu ya tairi lililolala. Nikashuka. Spana ikachomoka mfukoni ikaanguka miguuni pake kwa kishindo. Akaiokota, akaitazama, akaelewa, akanipa mkononi. Hatukusema neno juu ya spana hiyo, si siku ile wala siku nyingine.

Mbwana aliamini dereva anamwona, na dereva aliamini Mbwana auona mkono. Wote wawili walikuwa na hakika, na hakuna aliyemwona mwenziwe. Nilikuwa nimekwenda pale nimepata mtu wa kumchukia, na sasa chuki yangu sijui niiweke wapi. Nikavunja kibanzi cha barafu iliyobaki katika gunia, nikampa. Akakiweka shingoni. Nami nikafanya hivyo hivyo.

Nilimwomba aje kiwandani. Akaja, siku ambayo tajiri wake alimtuma achukue barafu ya samaki kwenda nayo Liwatoni. Alisimamisha lori katikati ya uwanja, akazima, na mmoja mmoja wakapanda kukaa mahali pake, wengine chini kushoto na baiskeli. Wa kwanza alikuwa Mzee Faraji. Alikaa kwenye usukani, tukamgongea mlango, tukaimba, tukamwita baba na mama, haoni mtu. Akapiga honi. Akaipiga tena. Ikawa hataki kushuka, na foleni ya watu inamngoja.

"Mzee, teremka na wengine waone!"

"Ngojeni," akasema. "Nimesukuma wenzangu waliokaa maisha yangu yote. Leo nimekaa mimi."

Aliposhuka alimshika Mutua mkono. "La kufanya nililijua siku zote," akamwambia, "lakini sababu yake umenipa wewe leo."

Na sababu, vijana wangu, ndiyo inayomfanya mtu atii. Tangu siku ile wapanda baiskeli wa barafu hawakuingia tena katika ule upenyo. Ukilikuta lori limesimama, simama nyuma yake, katikati, utoke kidogo kuelekea kulia mpaka umwone dereva usoni katika kioo chake. Ukiuona uso wake, naye anauona wako. Usipouona, jihesabu wewe hupo duniani. Lori likikukuta wewe ndiwe wa mbele, kaa katikati ya upande wako, lisijaribu kujitia ubavuni pako na kukunja. Toa mkono wako wazi, mkono mzima, usioneshe kwa kidole kama unayeomba ruhusa msalani. Ukitaka kukunja kulia, anza kuhamia kulia mapema, hatua kwa hatua, ukitazama nyuma kila mara. Ukishavuka, rudi kando na umpishe mwenzio, umpungie mkono. Dereva aliyepungiwa mkono leo atakungoja kesho.

Mutua naye alibadilisha mambo yake. Utingo hakupanda tena juu ya mzigo karibu na njia panda. Alikaa kushoto, akapiga mlango kwa kiganja na kupaza sauti, "Baiskeli kushoto! Baiskeli!" Madereva wenziwe walimcheka, wakasema lori la Mutua limekuwa la mchuuzi wa samaki. Kisha nao wakaanza.

Tatizo lilikuwa askari. Aliona baiskeli zimetoka pembeni zimekaa katikati mbele ya malori ya vita, akaona ni ufidhuli. Alitusimamisha, akatutolea upepo katika matairi yote mawili, akatuacha tusukume, barafu inayeyuka. Mzee Faraji alikwenda kumwelezea kwa heshima zote.

"Sabalkheri, afande. Hawa vijana hawakudharau."

"Baiskeli mahali yake ni kando," askari akasema.

"Kando ndiko alikovunjikia yule. Wewe mwenyewe ulimsindikiza hospitali."

Askari akainamia tairi jingine. Kwa siku nyingi aliendelea kutoa upepo, nasi tukaendelea kutembea na pampu. Lakini alikuwa mtu wa macho. Nadhani aliona kwamba pale konani kwake hakuna tena watu wanaochomoka kama panya baina ya magurudumu, na kwamba ile kazi ya kupuliza filimbi mpaka mashavu yamuume imepungua. Siku moja nimefika mbele ya msururu, nimekaa katikati, nimeshakata tamaa na matairi yangu. Aliyazuia malori kwa kiganja, akanitazama, kisha akanioneshea njia kwa kidevu. Nilivuka peke yangu kama liwali. Sikuthubutu hata kumshukuru.

Haya yote yalipita Mbwana yuko kitandani. Mutua alikwenda kumtazama hospitali mara kadhaa, na kila akienda Mbwana aligeukia ukutani. Nilimwelezea habari ya kioo na mkono. Alinisikiza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Na mguu ni wangu."

Alipotoka alikuwa akichechemea. Fundi wa baiskeli alimfungia kipande cha mbao juu ya pedali ya kushoto, kiufikie mguu mfupi, na Mzee Faraji akamrudisha kazini. Njia iliyonyooka aliiendesha vizuri, japo mluzi ulikuwa umekwisha. Lakini akikaribia ile njia panda alishuka. Aliisukuma baiskeli kwa miguu, mbali, akazunguka, akavuka na akina mama wenye vikapu. Mtu aliyekuwa akifikisha mapande makubwa kuliko wote, sasa gunia lake likifika Ndia Kuu limebakia kama shuka la kufua. Hata Bwana Karimbhai, ulimi wake ulivyokuwa, alilifunua, akalifunika, hakusema kitu. Hilo ndilo lililomwuma Mbwana zaidi.

"Heri angenitukana," akaniambia.

Asubuhi yake nilikuwa nyuma yake. Tulipokaribia Salim Road nikamngoja ashuke. Hakushuka. Niliona shingo yake imekakamaa. Akageuka kutazama nyuma, nami nikageuka pia, na nyuma yangu lilikuwa linakuja lori, na aliyeshika usukani ni Mutua. Mbwana alimwona. Walitazamana kupitia kile kioo cha mbele, mimi nimekaa baina yao, sijui niombe dua gani.

Nikashuka, nikasimama ukingoni niwapishe. Mbwana akatoa mkono, mzima, umenyooka. Akahamia katikati, mbele ya lori lile lile.

Mutua akapunguza mwendo mpaka lori likawa linatambaa. Nyuma yake honi zikaanza, moja, mbili, msururu mzima. Naye akatoa mkono dirishani, akaukunjua kiganja chini, akaubonyeza hewani polepole: tulieni, tulieni. Mbwana alikuwa akikanyaga, bega moja likipanda na moja likishuka kwa ajili ya ule mguu, na lori kubwa linamfuata kama linamsindikiza harusini. Askari aliwafungia watu wa Salim Road pande zote. Mbwana akavuka. Mutua akakunja kushoto akaenda zake Mwembe Tayari.

Nilimfikia Mbwana karibu na Ngome. Alikuwa analia na kuendesha, hataki kusimama, maana barafu ilikuwa ikidondoka.

"Yule Mkamba," akaniuliza, "jina lake nani?"

Nilikuwa nimemtajia mara nyingi. "Mutua," nikasema.

"Mwambie Jumapili aje kwetu ale."

Akaja. Amevaa viatu, amechana nywele, mikononi ana kuku kwa mama yake Mbwana. Tulikaa ukumbini, sinia katikati, na hakuna aliyejua aanze vipi. Mutua alitazama mguu, akatazama chakula. Mama akapita akatuhimiza, akapita tena. Mwisho Mbwana ndiye aliyesema.

"Hebu niambie kweli. Juzi nilipovuka mbele yako, nilikuwa naonekana?"

Mutua akafikiri sana, kama mtu aliyeulizwa mbele ya hakimu.

"Kabisa," akasema. "Kubwa. Kama ng'ombe katikati ya barabara."

Mbwana akamkodolea macho. Halafu kikamtoka, kicheko cha zamani, kile cha toka chuoni, akaegemea ukuta, akapiga goti lake zima kwa kiganja, na Mutua naye akaanza, mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kutuuliza ni nani aliyemwita mwanawe ng'ombe.

"Mimi, mama," Mutua akasema.

"Basi kula," mama akamwambia, na akamsogezea sinia.